Kidonge cha Jua Kuzama

Jumatatu, tarehe 10 Juni 1974, saa tatu na robo asubuhi, tulipanda ndege ndogo katika kiwanja cha Ibadakuli, Shinyanga, tukiwa abiria watatu: Makoye, mkulima wa pamba wa Ushirombo, binti yake Anisia, mwenye umri wa miaka saba, na mimi, mwalimu wa binti huyo, niliyechukuliwa kuwa mkalimani. Tulikuwa tukienda Kanada, ambako parokia moja ilikubali kugharimia upasuaji wa moyo wa mtoto. Daktari wa huko aliandika sharti moja tu: afike akiwa na nguvu za kuhimili kisu.

Makoye alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Hakupata kusoma zaidi ya katekisimu, na nyumbani kwake hapakuwa na saa. Kwa hiyo sista wa zahanati alimpangia dawa kwa jua: kidonge kimoja linapochomoza, kimoja linapozama. "Cha jioni usimpe kabla jua halijazama," alimwonya. "Ukizidisha, moyo utasimama." Makoye alilishika agizo hilo kwa miezi kumi na minne bila kukosea. Siku za mawingu alisimama uani akingoja kuku waingie bandani, ndipo akaita, "Anisia, njoo umeze jua lako!"

Pale Ibadakuli aliitazama ndege, akaninong'oneza, "Mwalimu, huko juu choo kimechimbwa wapi?"

"Baba anaogopa," Anisia akasema, akicheka kwa pumzi fupi.

"Siogopi. Nakuulizia wewe."

Usiku wa Jumanne tuliondoka Dar es Salaam kwa ndege kubwa. Alfajiri ya Jumatano jua lilichomoza dirishani, na Makoye akatoa kidonge cha asubuhi. Saa yangu ilionyesha kumi na mbili kamili. Ulaya tulibadilisha ndege. Nikaifuata saa ya ukutani, nikarudisha yangu nyuma saa mbili. Saa saba mchana tuliruka kuelekea magharibi. Juu ya bahari rubani alitangaza saa za Kanada, nami nikarudisha mishale saa tano nyingine. Nilikuwa nimefundisha longitudo kwa miaka kumi na mmoja, digrii kumi na tano kwa kila saa, na sikufikiri zaidi ya kutii tangazo.

Anisia alianza kushindwa kulala chali. Alikaa wima, mabega yakipanda na kushuka, midomo ikigeuka rangi ya majivu.

"Baba, nipe jua langu."

"Bado, mwanangu. Si unaliona lile pale?"

Lilikuwa pale, juu ya bawa la ndege, jeupe na kali, halijasogea tangu tulipokula.

"Mwalimu, saa ngapi?"

"Saa saba na nusu mchana."

Mhudumu alileta chupa ya hewa. Makoye alikishika kile kidonge mpaka kikaanza kulainika kwa jasho la kiganja. Aliuliza tena, nami nikajibu kwa usahihi wote wa saa yangu: saa nane na dakika tano.

"Limegoma," akasema. "Mwalimu, jua limegoma. Tuliondoka kule saa ngapi? Wewe ndiye uliyenitajia."

"Saa saba."

"Na sasa ni saa nane?"

"Na dakika tano."

Aliniinulia rozari yake usoni. "Tangu turuke nimesali kumi na nane. Kumi na nane, Mwalimu! Hata padri anayekimbilia chakula hawezi kumaliza rozari kumi na nane kwa saa moja!"

Nilichukua kalamu, nikakokotoa nyuma ya tiketi. Mbili, na tano: saba. Ushirombo ilikuwa saa tatu na dakika tano za usiku.

"Mpe," nikasema.

"Una hakika? Jua lile pale. Nikimuua je?"

"Mpe, Baba Anisia. Nimekosa mimi."

Aliligeuzia dirisha mgongo, akamlisha. Kwa kuhesabu saa kumi na mbili tangu kile cha asubuhi, kidonge kilikuwa kimechelewa kwa saa tatu na dakika tano.

Tulipotua, Anisia alishushwa kwa machela. Daktari alieleza kuwa mapafu yamejaa maji, na kwamba hawezi kupasua mpaka yakauke. Hayakukauka. Alifariki Jumamosi, tarehe 15 Juni, akazikwa huko huko. Nilimuuliza daktari kama ni zile saa tatu. Alijibu kuwa huenda ni kimo cha ndege, huenda ni ugonjwa wenyewe, na kwamba hakuna awezaye kupima. Nimeliandika jibu lake kama alivyolitoa. Halikunisaidia.

Katika safari ya kurudi Makoye aliniuliza jambo moja: "Nikimwambia mama yake kuwa jua halikuzama, ataniamini?"

"Nitamweleza mimi," nikasema.

Nilikwenda. Mkewe, Scolastika, alinisikiliza mpaka mwisho bila kulia. Kisha akauliza, "Na saa, Mwalimu, ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Katika nyumba ile walibaki watu watano: Makoye, Scolastika, na watoto watatu, Ignas, Lukresia na Valerian.