Kiti Kilichonunia Mlango

Mume wangu ni mtu wa kunyoosha mambo. Viatu vyake mlangoni vinapanga foleni, na taulo likining'inia upande anashindwa kula. Mimi ni mtu wa gemu. Ukitaka kujua ndoa ni nini, waweke watu hao wawili kwenye sebule moja ya Kagondo, hapa Bukoba, uwaambie wachague kompyuta.

Kazi yangu ni kutengeneza kadi za harusi na vijitabu vya misa, kwa hiyo kompyuta yenyewe haikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kompyuta gani. Nilitaka kasha la kioo lenye mafeni yanayowaka rangi zote. Yeye akalitazama kwenye simu yangu, midomo ameikunja kama aliyeonja maziwa yaliyochacha.

"Hili ukiliwasha msimu wa senene, panzi hao watajaa humu ndani mpaka jikoni."

"Si tutakaanga."

Hakucheka. Nikajua kwenye taa nimeshindwa. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama. Nikakubali kasha dogo jeusi, lisilo na taa hata moja, la kukaa kimya chini ya meza. Alilipenda mno, wala hakuuliza ndani kuna nini. Ndani fundi alikuwa ameniwekea kadi ya picha yenye nguvu ya kuendesha gemu lolote ninalolijua. Nje mtawa, ndani mpiga ngoma.

Mengine tulielewana. Kioo kimoja kipana, kimefungwa ukutani ili meza ibaki wazi. Pedi za kuchezea zisizo na waya, kwa sababu waya zinamuumiza kichwa. Seremala akatoboa tundu mezani, akapigilia kibao chini yake cha kubebea nyaya na lile boksi la betri linalotuokoa radi za Bukoba zikikata umeme. Mume wangu alilala chali sakafuni akifunga nyaya moja moja, akainuka amefurahi kuliko siku alipopunguziwa mahari yangu. Na mimi, nisiseme uongo, nilipenda. Juu ya meza palibaki kikombe changu tu.

Kitu kimoja nilishinda waziwazi: kiti. Kikubwa, chenye mgongo mrefu, magurudumu, na kinachozunguka. Nilimwambia ni kwa ajili ya kiuno.

Ndipo habari ikaja kwamba baba mkwe anatoka Muleba kuja kutibiwa goti, na atakaa kwetu. Baba akiwepo, sebule si yetu tena. Mume wangu akatamka hukumu akiwa anafuta vumbi lisilokuwepo: "Baba akisema hapafai, mashine inaenda stoo."

Stoo yetu ina gunia la mkaa, mikungu inayoivishwa, na kuku anayeatamia ambaye hapendi watu. Vumbi la mkaa lingeua feni la kompyuta upesi, na kuku angemalizia kilichobaki. Ule muda wangu wa gemu jioni, kadi za watu zikishakwisha, ndio muda pekee wa siku ambao hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi. Naupenda. Sikuwa tayari kumwachia kuku.

Baba akafika na bodaboda, fimbo mkononi, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Nikapiga magoti kumsalimu. Akanijibu, akainua mguu kuvuka kizingiti, akasita. Alikuwa anakitazama kiti changu, ambacho kilikuwa kimeelekea mezani, yaani ukutani.

"Nani amenuna humu?"

Baba akaeleza, polepole, kama anayefundisha katekisimu. Nyumbani kwa watu, kiti kikubwa kinatazama mlango. Anayekaa akiupa mlango mgongo ama amegombana na mwenzake, ama anakula kitu hataki kugawa.

"Ni ofisi, tata," nikasema, nikimwita baba kwa Kihaya. "Ni ya kazi."

"Ofisi inampokea mgeni kwa kisogo?"

Nikamwona mume wangu akigeuza macho kuelekea stoo. Nikainuka haraka, nikakisukuma kiti kwa kidole. Kikazunguka taratibu, kikamtazama baba mkwe.

"Kinageuka!"

"Kinageuka, tata. Karibu ukae."

Akakaa. Kilikuwa na kimo ambacho goti lake lilikuwa likikitafuta siku nyingi. Akazunguka kidogo kulia, kidogo kushoto, akajizuia asitabasamu. Kisha akatoa sheria: kiti kibaki, lakini mtu akipiga hodi, anayekikalia ageuke kabla mgeni hajavua viatu. "Siku nitakayoona mgeni anapewa kisogo kwenye nyumba hii, vyote viende stoo."

Kwa Bukoba hiyo ni adhabu. Mzee akifika, habari zinamtangulia sokoni. Wakaja jirani, wakaja wanakwaya, akaja mama muuza samaki ambaye hakuwa anamjua baba hata kidogo. Kila hodi nilizunguka na tabasamu langu la ofisini, pedi nimeifutika ndani ya khanga, huku nyuma yangu timu yangu ikifungwa magoli ya bure. Baba alikuwa kwenye kochi, akitafuna kamwani, zile punje kavu za kahawa tunazomkaribishia mgeni, akiniangalia.

Siku moja baada ya wageni kuondoka akaniuliza, "Mwanangu, hiyo kadi ya harusi mbona inashangiliwa?"

Nikakohoa.

"Nimesikiliza mpira redioni tangu sijaota ndevu. Sauti ya goli naijua. Lete hicho kidude."

Kwetu mkaza mwana habanani bega kwa bega na baba mkwe. Nilimwachia kiti, nikatandika mkeka wangu chini, mbali, karibu na mlango wa jikoni. Hapo ndipo nilipoibariki chuki ya mume wangu kwa waya: kila mmoja na pedi yake, na heshima yetu katikati.

Nikamfundisha vitufe. Alikuwa akicheza na kutangaza papo hapo, kama redio yake: "Anampasia... anachelewa... ah, mpira umetoka!" Nikamwachia afunge. Nikamwachia tena. Meza yangu ilikuwa mikononi mwake, na isitoshe, nani anamfunga baba mkwe? Goli lililofuata, akaiweka pedi pajani.

"Kipa wako ameondoka golini kwenda wapi?"

"Ameteleza, tata."

"Usinidanganye." Hakuinua sauti. "Tangu mama yenu afariki, pale Muleba kila mtu ananifungulia njia kwenye bao. Naona kete anayopaswa kula, naye anaiacha. Wananihurumia. Hiyo huruma inanizeesha kuliko goti."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nilidhani ninamheshimu, kumbe nilikuwa nimemweka kaburini kabla ya siku zake.

"Kesho," akasema, "nifunge ukiweza."

Nikaweza. Kesho yake sikumwonea huruma hata kidogo. Nilimpita kulia, nikampita kushoto, nikampiga kanzu beki wake, mpira ukapita juu ya kichwa. Mume wangu akatoka jikoni na kisahani cha kamwani, akaona matokeo kwenye kioo, akakodoa macho. Kwa midomo tu, bila sauti, akaniambia: stoo.

Lakini baba alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti, fimbo imeanguka hajui. "Mawe, mama yangu! Beki amelala! Beki ana goti kama langu!" Machozi ya kicheko yalikuwa yanamtoka. "Anzisha nyingine. Safari hii namtoa yule mvivu."

Tukaanzisha. Na kweli alikuwa amejifunza. Alinifunga goli moja safi ambalo mimi sikumwachia. Akawa anashambulia tena, nikampokonya mpira, ndipo mlangoni ikasikika:

"Hodi humu!"

Alikuwa rafiki yake wa kule Kashozi, aliyepata naye kipaimara siku moja, mzee wa kofia, amesafiri kuja kumpa pole ya goti. Mume wangu akanyooka. Mimi nikapiga magoti. Mgeni akavua kiatu cha kwanza, akavua cha pili, akaingia, akasimama katikati ya sebule. Sote tukasubiri kiti kigeuke.

Hakikugeuka. Juu ya ule mgongo mrefu kilionekana kisogo cha baba mkwe wangu, chenye mvi, kimetulia.

"Karibu, ndugu yangu, keti hapo kwenye kochi," alisema bila kuondoa macho kwenye kioo. "Nisubiri kidogo. Niko ofisini."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Kisha nikakumbuka nina mpira miguuni, nikamfunga.