Mzani wa Mchele na Gauni la Harusi

Siku moja naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, siku nilipopanda mzani wa mchele wa babu yangu, dukani kwake hapa hapa Kamembe, nikashuka nikicheza. Mshale ulikuwa umerudi nyuma! Ramadhani ilikuwa bado changa, nami tayari nilijiona mwembamba kama sindano.

Harusi yangu ilipangwa baada ya Idi. Bwana harusi ni huyu babu yako anayekoroma sebuleni mpaka watu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, wanaanua nguo wakidhani ni radi. Fundi cherehani alipokuja kunipima, nilimwambia akate gauni dogo kuliko mwili wangu. Nitafunga, nikasema, gauni litanikuta nimepungua. Na kitambaa cheupe kilikuwa hicho hicho kimoja, mama alikivusha kutoka huko ng'ambo. Nikishindwa kuingia ndani yake, sina kingine cha kuolewa nacho.

Basi, nikafunga kwa akili zangu. Wenzangu wakiamka kula daku, mimi nalala, eti napunguza. Kila jioni kabla ya adhana nakimbilia dukani kujipima. Futari ikija nilikuwa nimeapa kugusa tu, lakini tumbo lililonyimwa daku halijui kiapo. Sambusa zilipita kooni kama malori pale mpakani Ruhwa, moja haijamaliza, nyingine inapiga honi.

Jioni moja mama akanituma nipeleke sahani ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwa jirani. Nilipofika kwenye mteremko, barabara ikazunguka. Nikajikuta nimekaa chini, samaki wametawanyika, na paka wote wa Rusizi wamealikana. Babu alitoka dukani, akanishika mkono, akanikalisha juu ya gunia. Adhana ilipolia akaninywesha maji, tena maji, kisha bakuli la uji. Nilipopata nguvu akaonyesha mzani.

"Panda."

Nikapanda. Mshale ulirudi pale pale ulipokuwa kabla ya Ramadhani. Nikaangua kilio, mwanangu, utadhani nimefiwa.

"Unalia nini, mutoto? Mushale haikukosee kitu. Ni weye unajipimaka saa ya kiu." Akachota mchele kwenye gunia, akanimwagia kiganjani. "Angalia. Bananiletea huu kutoka Bugarama ungali mubichi. Naanika ku jua, kilo zinashuka. Punje zimepunguka?"

"Hapana, Babu."

"Ni maji tu ndiyo imeenda. Na weye vile vile."

"Na gauni, Babu?"

"Gauni ndiyo ikufuate weye, si weye kufuata gauni." Kisha akapunguza sauti, na macho yake yalikuwa na huruma kuliko maneno. "Sasa uniambie. Hii saumu unamufungia Mungu, ao unamufungia fundi?"

Nikaurudisha mchele guniani. Tangu hapo, kila daku Babu alipiga fimbo yake kwenye mlango wangu mpaka niamke, nami nikala, nikanywa, nikafunga kama watu.

Gauni? Lo! Siku ya kulijaribu liliishia mabegani. Fundi akalifumua ubavuni, akaingiza vipande vya kitenge cha njano. Nilidhani nitachekwa. Kumbe nilicheza kuanzia asubuhi mpaka viatu vikaomba msamaha, na wasichana wote wa Kamembe wakaanza kuuliza huo mtindo wa njano unatoka mji gani.

Uzeeni nikasoma shule ya jioni, na siku ya cheti makofi yalisikika mpaka Nyakabuye. Mwalimu wa biolojia alifundisha kwamba mwenye kushinda na njaa kwanza hupoteza maji na sukari ambayo mwili umeiweka akiba, na mafuta huondoka polepole. Akiendelea kujinyima sana, hata misuli huliwa. Nikapiga meza: "Babu yangu alisema!" Darasa zima likageuka.

Ndiyo maana nakuandikia, mwanangu. Harusi yako ni baada ya Idi, na juzi nilikuona dukani, juu ya mzani ule ule, adhana iko karibu. Funga kwa ajili ya Mungu. Daku usiikose, maji unywe usiku kucha kidogo kidogo, futari uile taratibu kabla sambusa hazijakuteka. Ukitaka kupungua, punguza mafuta na sukari, tembea, na uupe mwili miezi. Ukisikia kizunguzungu kizito, fungua ule, siku utailipa. Na mwenye ugonjwa wa sukari au mimba aongee kwanza na daktari.

Kwa fundi wako nimeshapita. Nimemwambia aache kitambaa cha kutosha ubavuni, na kama hakitoshi, kitenge changu cha njano bado ninacho.

Mungu aipokee saumu yako, akupe miguu ya kucheza harusi yako mpaka mwisho, na mume atakayekoroma karibu nawe miaka mingi, mwili wako ukiwa mzima.