Mbwa Chini ya Majani ya Chai

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nilianza na kikapu cha kuchuma chai, darasa la nne sikumaliza, na leo nina lori tatu pale Litein. Kwa hivyo juzi binti yangu Chepkemoi, anayesoma chuo Kabianga, aliponionyesha sinema ya wafu wanaoamka na kuuma watu, nilicheka tu.

"Usicheke, Baba. Kichaa cha mbwa ndicho kinachokaribia hiyo. Kama kingeambukiza haraka zaidi, hata jeshi lingelemewa."

Hapo nikanusa tena majani mabichi yaliyonyeshewa. Nilikuwa mdogo, nimeketi kando ya kikapu cha mama, nikaona vichwa vya chai vikitikisika. Kitu kilikuwa kinapita chini kuja kwetu. Mbwa akatokea, mate yakimtoka, akamuuma mama mguuni.

"Mtu akiumwa hivyo, hubweka," mchumaji mmoja alisema.

Niliamini mama anageuka mbwa. Aliporudi kutoka kudungwa sindano hospitalini, akalala, nilimfunga mguu kwenye kitanda kwa kamba ya kikapu.

Akaamka. "We kijana, unanifunga kama ndama? Mimi sigeuki. Kesho nachuma chai."

Na alichuma. Mpaka leo hajabweka.

"Jeshi la nini?" nikamwambia Chepkemoi. Kesho yake niliita daktari wa mifugo, akachanja mbwa wote wa kilima chetu, hata wa jirani anayenicheka. Hao wafu waje wajaribu. Nimelipa mwenyewe, shilingi elfu kumi na mbili mia nne.