Mchinjaji wa Misiba ya Makwale

Pikipiki ilikwama tena kwenye tope, na abiria wote wakashuka. Lugano, dereva, aliyalaani matairi kwa Kinyakyusa. Nyuma kabisa alikuwa amekaa mgeni, mtu wa safari nyingi aliyekuwa ameingia Kyela mjini jana yake akitaka kuona mashamba ya kakao. Aliambiwa kwamba leo kijijini Makwale hakuna mtu shambani, wote wako msibani, na kama anataka kuwaona awafuate huko huko. Katikati yao, kwa ukaaji ule ambao vijana huuita mshikaki, alibanwa mzee Nsajigwa, kofia yake nyeupe imelowa, na kifuani amekumbatia kisu kirefu kilichoviringishwa katika kipande cha gunia.

"Shehe, hicho kisu kigeuzie upande wako," Lugano alisema wakati wanaisukuma pikipiki. "Tukianguka nisije nikawa mimi kitoweo cha msiba."

"Wewe una nyama gani, Lugano? Mifupa mitupu. Sukuma."

Walicheka kidogo tu, kwa sababu aliyefariki alikuwa Lameck, kaka mkubwa wa Nsajigwa, na kisu kile kilikuwa kinakwenda kumchinja ng'ombe wa msiba wake. Mvua ilikuwa imepungua. Kulia kwao mpunga ulikuwa umesimama majini, na mbele, migomba ilianza kuficha nyumba za Makwale.

Nsajigwa hakuwa shehe. Hakuwahi kuongoza sala hata siku moja. Alikuwa mtu wa mashine ya kukoboa mpunga kule mjini, mtaa wa Bondeni, na pumba zilikuwa zimeingia katika kila mshono wa nguo zake. Alizaliwa hapa hapa Makwale, katika nyumba ya Kimoraviani, akabatizwa hapa, akaimba kwaya hapa. Ujana ulimpeleka mjini kutafuta kazi. Huko alimwoa binti wa familia ya Kiislamu, akasilimu, akapewa jina la Idrisa. Jina hilo liliishia Bondeni. Makwale hakuna aliyelitumia. Waliendelea kumwita Nsajigwa, na wakitaka kumtania walimwita Shehe.

Baba yao alipokufa, Nsajigwa alirudi na kofia kichwani, akakaa pembeni ya turubai kama mtu aliyefika kwa makosa. Wahubiri wa wakati ule walikuwa wakimtazama. Lameck, aliyekuwa ameanza utumishi wa uzee wa kanisa, alimfuata pale pembeni akamwekea kisu mkononi. "Ukichinja wewe, sisi tunakula na wewe unakula," alimwambia. "Nikichinja mimi, wewe utamlilia baba huku tumbo liko tupu. Inuka."

Tangu siku ile, kila msiba mkubwa wa kijiji ulimtafuta Nsajigwa. Harusi pia, na sikukuu ya mavuno kanisani. Alikuwa akiacha mashine, anapanda chochote kinachokwenda upande huo, anachinja, anaosha mikono, anakula na watu, anarudi. Wafanyabiashara Waislamu waliokuja kununua kakao walikula bila kuuliza. Vijana walizaliwa na kukua wakijua kwamba ng'ombe wa msiba hulazwa kichwa kikielekea upande fulani, bila kujua kwamba upande huo ni Makka. Walijua tu kwamba ndivyo ng'ombe anavyolazwa. Iko miji mikubwa ambamo majirani wa ghorofa moja hawajui mwenzao anakula nini. Hapa, imani ya mtu mmoja ilikuwa imeingia katika mikono ya kijiji kizima, na hakuna aliyeona ajabu.

Walipofika, kilio kilipanda upya. Nsajigwa aliingia ndani ambako Tulinagwe, mke wa marehemu, alikuwa amekaa chini amezungukwa na wanawake waliojifunga kanga viunoni.

"Pole, shemeji."

"Ndaga, asante, shemeji. Amekwenda na wewe hukumwona."

"Mto ulijaa. Nimekaa kivukoni tangu jana jioni."

"Najua. Alisema utachelewa. Akasema wakungoje, ng'ombe asiguswe." Alimshika mkono, kisha akashusha sauti. "Lakini Sylvester ana mambo yake. Kamsikilize. Usigombane naye leo."

Sylvester, mtoto wa kwanza wa Lameck, alikuwa na duka la vipuri vya magari Mbeya, na kwa miaka kadhaa sasa alisali katika kanisa jipya huko. Wenzake wa kanisa walikuwa wamekuja kwa gari ndogo, wamekaa pamoja chini ya turubai, wapole, wanaimba kwa sauti ya chini. Alimpokea Nsajigwa kwa heshima zote, akainama.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Baba mdogo, njoo nikuonyeshe kitu."

Alimpeleka nyuma ya nyumba. Kule wanawake walikokuwa wakipika, moto mkubwa ulikuwa tayari, masufuria ya ndizi na maharage yanachemka. Lakini mbali kidogo, karibu na mkakao, palikuwa na mafiga mengine yaliyopangwa asubuhi ile, na juu yake vyungu vipya vya wafinyanzi wa Kikisi, vyekundu, vimeletwa kutoka Matema. Pembeni yake alifungwa mbuzi.

"Nimeomba sana juu ya jambo hili," Sylvester alisema. "Sisi tumefundishwa, baba mdogo, kwamba nyama iliyochinjwa kwa dua nyingine hatuli. Siwezi kusema amina huku na kula kule. Lakini sitaki wewe ukae na njaa. Mbuzi huyu ni wako, umchinje kwa taratibu zako. Vyungu vipya, havijaguswa na kitu chochote. Wewe na ndugu zako wa msikitini mtapikiwa hapa. Ng'ombe nitamchinja mwenyewe."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililomwumiza Nsajigwa. Angekuwa amemtukana, ingekuwa rahisi.

Neli, kiongozi wa wanawake wapishi, hakuwa na subira hiyo. Alikuja na mwiko mkononi, akaviangalia vile vyungu.

"Vyungu vipya msibani! Kuna anayeolewa?"

Wanawake wakaguna. Sylvester akajaribu kueleza.

"Mwanangu Sylvester, hata pumba havijachemshiwa. Vikionja moto tu vitapasuka. Hivi Mbeya hakuna wanawake wa kukwambia? Haya, tuache vyungu." Alinyoosha mwiko kuelekea mafiga mapya. "Niambie mimi, maana watu wataniuliza mimi. Jiko la pili la nani? Nani hapa ana neno na marehemu?"

Hapo Sylvester akayatazama yale mafiga. Alikuwa ameishi Mbeya muda mrefu mno, akasahau kitu ambacho kila mtu pale alikijua tangu utotoni. Msibani watu hula jiko moja. Anayejipikia peke yake katika msiba wa ndugu anatangaza kwamba alikuwa na ugomvi na aliyelala ndani, na watu hawataacha kuuliza ni ugomvi gani, na kama ndio uliomwua. Alikuwa ameandaa moto wa heshima. Kijiji kingeuona moto wa shutuma, na shutuma ingemwangukia Nsajigwa.

Wazee wa ukoo walimwita Nsajigwa pembeni. "Sasa baba wa nyumba hii ni wewe," mmoja alimwambia. "Kijana huyu ni mtoto wako. Sema neno moja, atakaa kimya, utachinja kama siku zote."

Ilikuwa kweli. Kwa mila, Lameck akiondoka, mdogo wake ndiye anayeshika neno la nyumba. Nsajigwa aliwatazama wale waimbaji wa Mbeya chini ya turubai. Akichinja yeye, hao hawatakula. Watainuka na njaa yao, au watatafuta mafiga yao karibu na mkakao, na Neli atauliza swali lile lile, safari hii kuhusu Sylvester. Mtoto wa kumzaa Lameck aonekane ana neno na baba yake, siku ya kumzika.

Alirudi ndani kwa Tulinagwe.

"Shemeji, nimefikiri. Achinje Sylvester."

"Na wewe?"

"Maharage yapo."

"Nsajigwa, hii ni nyama ya kaka yako. Alisema ungojwe."

"Kaka hakuwa anapenda kisu changu. Alikuwa anataka jiko liwe moja. Kisu ilikuwa ni njia tu." Alitaka kuendelea, akaiacha hapo hapo.

Tulinagwe aliivuta kanga akajifunika uso.

Ng'ombe aliletwa kwenye majani nyuma ya banda la kukaushia kakao. Sylvester alikunja mikono ya shati. Alikuwa na kisu kipya cha jikoni, chenye mpini wa plastiki, na ilionekana wazi kwamba hajawahi kuchinja hata kuku mbele za watu. Nsajigwa alifungua gunia.

"Chukua hiki."

"Baba mdogo..."

"Hicho chako kitamtesa. Chukua. Mara moja tu, usirudierudie."

"Kioshe kwanza," Neli alisema kutoka nyuma, "au ungoje mchungaji akiombee." Hakuna aliyecheka sana, ila Sylvester alikipokea kisu kwa mikono miwili.

Ndipo vijana wa kijiji wakamwangusha ng'ombe. Walimshika pembe, wakamfunga miguu, na bila kuambiwa na mtu, wakamzungusha juu ya majani mpaka kichwa kikaelekea kaskazini, kama walivyofanya maisha yao yote. Mmoja hata alirudi kumsogeza zaidi, shingo inyooke vizuri. Kisha wakamtazama Nsajigwa, wakisubiri aseme yale maneno yake. Walipokumbuka, waliinamisha macho.

Sylvester aliona. Alisimama na kisu, akatazama kichwa cha ng'ombe, akamtazama baba yake mdogo. Angeweza kuwaambia wamgeuze. Hakusema. Alifumba macho, akaomba kimoyomoyo, akachinja. Nsajigwa alikuwa ameshageuka, anaelekea kwenye ndoo ya maji kunawa mikono ambayo leo haikuwa na damu.

Jiko la karibu na mkakao halikuwashwa. Neli aliyavunja mafiga mwenyewe kwa mguu.

Walimzika Lameck mchana, mvua ikinyunya. Wamoraviani waliimba, watu wa Mbeya waliimba, na wanaume wa msikiti wa Bondeni, waliofika kwa kuchelewa na suruali zimekunjwa hadi magotini kwa ajili ya tope, walishika majembe na kufukia pamoja na wengine. Nsajigwa alitupa udongo wake akasimama muda mrefu kuliko desturi, mpaka mtu akamgusa bega.

Chakula kiliposhuka, aliketi kwenye mkeka wa ndugu wa marehemu, mahali pake pa siku zote. Mbele yao liliwekwa sinia la nyama, na lingine la ndizi na maharage. Alisogeza mkono kwenye maharage. Watu wa msikitini wakamfuata. Mmoja alinong'ona, "Shehe, leo umetufungisha swaumu ya nyama," naye akamjibu, "Kula, maharage ya Neli hayana mpinzani." Harufu ya nyama ilikuwa nzito. Waliokaa karibu naye walikula wakitazama chini, haraka, kama watu wanaokula mbele ya mgonjwa.

Kisha Tulinagwe akatoka ndani. Mjane hatoki vile, na wanawake walijaribu kumzuia. Alikuja mpaka kwenye mkeka wa wanaume, akakaa upande wa Nsajigwa, akanyoosha mkono akachukua kipande cha ndizi kutoka sinia lake, akala. Nyama hakuigusa. Akala tena, akainuka, akarudi ndani. Baadaye mzee mmoja wa ukoo aliacha mfupa aliokuwa ameushika, akaingiza mkono kwenye maharage.

Jioni haijafika, Nsajigwa alimwita Lugano. Mashine ilikuwa inamngoja kesho, na mto ungeweza kujaa tena. Aliwaaga wazee, akaagana na shemeji yake mlangoni. Alipokuwa anapanda pikipiki, Sylvester alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba, ameshika kisu kilichooshwa na kukaushwa, kimeviringishwa tena katika gunia lake.

"Baba mdogo, umesahau."

"Sijasahau. Kaa nacho. Huku sasa watakuita wewe."

"Mimi nakaa Mbeya."

"Na mimi nakaa Bondeni. Ilikuwa mbali pia." Alivuta kofia yake vizuri. "Kinole mara kwa mara. Na usikitumie kukatia vitunguu."

"Arobaini utakuja?"

"Nisije kwa kaka yangu? Mwambie Neli achague maharage mazuri."

Sylvester alijaribu kucheka, machozi yakamtangulia. Alibaki ameshika gunia kwa mikono miwili, kama alivyokipokea kisu asubuhi.

Mgeni alitaka kupanda nyuma, lakini Lugano alitikisa kichwa; tope la jioni lisingebeba watu watatu, na Neli alikuwa ameshasema kwamba mtu hatoki msibani na njia imeharibika, kitanda kipo. Kwa hiyo pikipiki iliondoka na wawili. Nsajigwa hakuwa na cha kukumbatia kifuani, hivyo alishika bega la Lugano. Walishuka kwenye tope, wakayumba, wakasimama wima tena, na ile kofia nyeupe ikaonekana kidogo kati ya migomba kabla haijapotea.

Nyuma ya nyumba, mbuzi alikuwa bado amefungwa karibu na vyungu vipya, akilia. Hakuna aliyejua afanywe nini. Neli alimletea mgeni sahani, akamwonyesha nafasi kwenye mkeka, pale pale alipokuwa amekaa Nsajigwa, naye akakaa.