Pumzi za Mama Jirani

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Isingiro kumwona mama. Nilishuka kwenye bodaboda vumbi limenijaa hadi kwenye nyusi, simu mkononi, roho juu juu kama kawaida yangu. Unanijua. Mimi ni mtu wa kuamka nikiwa tayari nimechelewa. Pembeni mwa soko nikaingia kwa mama ntilie kunywa chai kabla ya kumalizia safari, na meza ya pili alikuwepo mwanamke anampozea mtoto wake uji. Alikuwa anapuliza kikombe taratibu, pumzi ndefu, halafu anamsogezea mtoto naye apulize. Mtoto akajaza mashavu, akapuliza, akacheka. Nikashtuka kuona mkono wangu umekwenda wenyewe tumboni, chini kidogo ya kitovu, na umetulia pale. Sikuwa nimeuweka hapo kwa miaka.

Ngoja nikusimulie kwa nini.

Nyumba yetu ilikuwa mteremkoni, katikati ya kibanja, shamba letu la nyumbani. Migomba ilikuwa imeshonana kiasi kwamba mvua ikiisha kila mahali, kwetu iliendelea kudondoka kutoka kwenye majani. Chini ya migomba kulikuwa na kahawa, chini ya kahawa maharage, na chini ya maharage sisi watoto. Chumbani kwa bibi, mama yake baba, palitandikwa nyasi sakafuni, na kila akizibadilisha nyumba nzima ilinukia kama asubuhi. Jikoni chungu cha ndizi na maharage kilifunikwa kwa majani ya mgomba, kikachemka polepole huku moshi ukitafuta upenyo kwenye bati. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, tuliamka alfajiri kwenda kuwaokota majanini, miguu imelowa umande, tukarudi tunagombana nani kapata wengi. Ilikuwa nyumba ya kelele. Hakuna aliyetufundisha kutulia, na hakuna aliyeona haja.

Halafu ukaja mwaka wa mnyauko. Pengine ulisikia habari zake, ugonjwa ule wa migomba uliopita vijiji vyetu. Majani yanageuka manjano, yananing'inia kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, na ukikata shina ute wa rangi ya maziwa yaliyoharibika unachuruzika. Bwana shamba alikuja, akatazama, akamwambia baba hakuna dawa. Ng'oa, chimba shimo, fukia. Baba alianza na migomba ya pembeni, lakini kila alipofika mwisho wa mstari ugonjwa ulikuwa umemtangulia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu jua liliingia uani kwetu moja kwa moja. Sikulipenda. Nilihisi kama watu wametufungulia mlango bila hodi.

Mama alikuwa mjamzito wakati ule, na baba peke yake hakuweza kazi yote. Ndipo akamwita mwanamke aliyeishi na mumewe na wanawe kwenye nyumba ndogo ya kupanga bondeni kwetu. Walikuwa wametoka Burundi kabla sijapata akili za kukumbuka. Watu wazima walikuwa na jina lake, bila shaka. Mimi na mdogo wangu tulimwita Mama Jirani, na aliitika. Alikuwa mrefu, mkimya, na alichimba kwa mwendo mmoja tangu asubuhi mpaka jua likae juu ya kilima, hapumziki wala haongezi kasi.

Asubuhi moja mama aliamka kichwa kinamgonga. Miguu ilikuwa imevimba kiasi kwamba kandambili hazikuingia. Aliniita, nikasimama mbele yake, naye akaniuliza niko wapi. Nikamwambia, "Mama, niko hapa." Akanyoosha mkono upande mwingine. Mpaka leo nauona mkono ule ukitafuta hewa.

Baba na Mama Jirani walimshika kwapani hadi barabarani, gari likapatikana, baba akapanda naye kwenda hospitali kubwa. Tukabaki mimi, mdogo wangu na bibi.

Sasa bibi yangu, rafiki yangu, alikuwa mwanamke wa sala. Mlutheri wa kweli kweli, wa kukaa benchi la mbele. Lakini aliomba kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Alisimama uani, mikono juu, sauti yote. "Waitu Mukama! Bwana wetu! Unamwona binti yangu au humwoni?" Kuku walikimbia. Watu waliopita njiani walisimama kuitikia amina. Mimi nilimpenda bibi, ila kila alipopaza sauti vile nilizidi kuogopa, maana niliwaza, kama ni lazima Mungu aitwe kwa nguvu hivyo, basi yuko mbali sana.

Sikuweza kukaa. Nilichota maji hata mitungi ilipokuwa imejaa. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Shuleni mwalimu aliniita mbele, nikafika ubaoni nikiwa nimesahau swali. Kucha zangu zilikuwa zimeliwa zote.

Siku moja nimekaa jikoni namenya ndizi, kifua kikafunga. Sijui nikuelezeje. Hewa iliingia hadi kooni ikagoma kushuka. Kisu kikaanguka. Nikatoka nje nikipumua juu juu, nikijua kabisa kwamba nakufa na kwamba mama atarudi asinikute.

Mama Jirani aliacha jembe shimoni akaja. Hakukimbia. Alichuchumaa mbele yangu, akaushika mkono wangu akauweka tumboni kwangu, na mkono wake juu ya wangu, una udongo.

"Una uji wa moto hapa," akasema. "Upulize. Polepole, usije ukamwagika."

Nikapuliza. Pumzi ilikatika katikati.

"Tena. Uji bado wa moto."

Nikapuliza tena na tena, na yeye akawa anapuliza pamoja nami, macho yake kwenye macho yangu. Nilipoanza kupata hewa akasema, "Sasa ukiivuta, sema moyoni, Mana yanje. Ndivyo tunavyosema kwetu, Mungu wangu. Ukiitoa, sema, ndi hano."

"Maana yake nini?"

"Niko hapa."

"Nani yuko hapa? Mimi au Mungu?"

Alifikiri kidogo. "Mimi sijawahi kuuliza," akasema. "Huwa nasema tu."

Bibi alikuwa mlangoni anatuangalia. Hakuridhika. Jioni ile, Mama Jirani anaosha miguu aondoke, bibi akamwambia kwa upole wake uliokuwa na miiba, "Mama, asante kwa mtoto. Lakini usimfundishe kuomba kimya kimya. Sala gani ya kujificha hiyo? Mungu wetu si wa kunong'onezwa."

Mama Jirani aliendelea kusugua udongo kwenye visigino. Kisha akasema, "Ni kweli, mama, ni ya kujificha. Tulikaa kwenye mafunjo mtoni, watu wanapita juu na mapanga. Nilikuwa na mtoto kifuani. Ningeomba kwa sauti wangetusikia. Hata kupumua ilibidi nipumue ili mtoto apumue nami, asilie." Akasimama, akachukua jembe lake. "Mpaka walipopita. Kwa hiyo ndiyo sala niliyo nayo. Mtanisamehe."

Akashuka bondeni. Bibi alipakua chakula cha jioni, akamfunikia Mama Jirani sahani na kunituma niwapelekee.

Nyumbani kwetu hakukuwa na mtandao. Simu ya bibi, kile kisimu kidogo cha vibonyezo, ilishika tu ukipanda kilima hadi kwenye majabali. Basi kila alasiri baada ya kazi mimi na Mama Jirani tulipanda kusubiri simu ya baba. Siku nyingine ilipigwa. "Bado yupo, mwambie bibi aendelee kuomba." Siku nyingine haikupigwa, na hizo ndizo zilikuwa mbaya. Nilizunguka majabali kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mama Jirani alikaa na simu mapajani, akigonga jiwe pembeni yake kuniita. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. "Si lazima utulie," aliniambia mara moja. "Pumua tu. Kutulia kukija, kutakukuta umekaa."

Usidhani nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilikuwa navuta Mana yanje moja, halafu mawazo yanakwenda hospitali, yanakwenda makaburini, yanarudi na jeneza. Navuta nyingine. Lakini kati ya moja na nyingine palikuwa na upenyo mdogo, na kwenye upenyo ule niliweza kusikia upepo kwenye nyasi na ng'ombe wa watu wanarudi. Nilikuwa nimesahau kwamba vitu hivyo vinaendelea.

Kisha zikapita siku kadhaa baba hajapiga, na bibi akasema leo napanda mwenyewe. Alipanda na fimbo, akisimama kila mara kutafuta pumzi. Tulipofika simu ilikuwa inaita. Bibi akaipokea kwa mikono miwili.

Sikusikia maneno ya baba. Nilimwona bibi tu. Alisema, "Ee." Kisha, "Mtoto?" Kisha, "Na yeye mwenyewe?" Akamrudishia Mama Jirani simu kana kwamba imemuunguza.

"Mtoto hakuishi," akasema. "Alikuwa mvulana. Na mama yenu hajaamka. Wamemtoa mtoto, yeye hajaamka."

Akainua mikono, kama nilivyomwona akiinua maisha yangu yote. "Waitu Mukama," akaanza. Akakwama. "Waitu..." Midomo ilikuwa inacheza, sauti haikutoka. Bibi yangu, ambaye sauti yake ilijulikana hadi ng'ambo ya bonde, alikuwa amesimama juu ya kilima hana neno hata moja. Nilianza kulia, si kwa ajili ya mama, bali kwa sababu ya ule ukimya. Niliona kama kamba ya mwisho imekatika.

Mama Jirani alimshika mikono yote miwili, akamteremsha taratibu hadi akakaa kwenye jiwe. Akapiga magoti mbele yake.

"Usiseme, mama," akamwambia. "Anakuona. Pumua."

Bibi alitikisa kichwa. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama changu siku ile. Basi nikafanya nililofanyiwa. Nilikaa upande wake, nikauchukua mkono wake nikauweka tumboni kwake. Nikasema, "Bibi, kuna uji wa moto hapa."

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Kisha akapuliza. Pumzi fupi, ya kizee, iliyotetemeka. Tukapuliza wote watatu. Sijui tulikaa muda gani. Machozi yake yalikuwa yanatiririka na hakuyafuta, lakini pumzi zilianza kurefuka, na nikaona midomo yake inasema kitu bila sauti. Jua lilipoanza kushuka alisema, "Haya. Twende tukawashe moto. Kuna mtoto nyumbani hajala."

Hakuna muujiza uliotokea pale juu, nisikudanganye. Tulishuka tukiwa na hofu ile ile. Tofauti ni kwamba tulishuka. Tulipika, tukala. Kesho yake tulipanda tena, na kesho yake tena, bibi akiwa mbele na fimbo yake.

Siku baba aliposema, "Subiri, kuna mtu hapa," na kukapita mkwaruzo, halafu sauti nyembamba ya mama ikauliza, "Mmekula?", bibi alipiga kelele hadi ndege wakaruka majanini. Sauti yake ilikuwa imerudi yote. Mama Jirani alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mama alirudi amekonda, mikono mitupu. Alikaa uani kwenye lile jua nililolichukia, na Mama Jirani akimaliza kazi alikaa karibu naye. Bibi naye alileta kigoda. Wanawake watatu, hawasemi, wanapumua. Mimi niliwazunguka zunguka, maana bado sikuweza kukaa, na hakuna aliyenifukuza.

Migomba mipya ilipoanza kutoa majani, mume wa Mama Jirani alisema wanarudi kwao, kumetulia. Waliondoka asubuhi, mizigo yao ikiwa imefungwa kwa kamba za migomba. Bibi aliwasindikiza hadi barabarani. Walipoagana alimshika uso kwa viganja vyote viwili. "Mwanangu," akamwambia, "ukifika, kama kweli kumetulia, siku moja omba kwa sauti. Paza kabisa. Usiogope mtu."

Mama Jirani aliitikia kwa kichwa.

Hatukupata habari zake tena. Baada ya miaka nilisikia kwamba kule kwao hakukutulia kama walivyotumaini, na sikujua niulize wapi. Bibi ameshafariki. Sakafu ya chumba chake ni ya saruji sasa, na mahali palipokuwa na nyumba ya bondeni pamepandwa kahawa, huwezi kujua kwamba watu waliishi pale, walicheka, waliosha miguu. Watoto wa mdogo wangu hawajawahi kupanda kilima kutafuta mtandao. Wanauliza kwa nini tulipanda, na nikiwaeleza wanaona kama hadithi.

Na mimi bado sijatulia, unaniona. Lakini nikiomba huwa namtaja. Namwita Mama Jirani, maana jina lake sikuwahi kuuliza, na mama naye akijaribu kulikumbuka linampotea. Navuta pumzi, namtaja, naitoa. Naamini anayesikiliza anajua ni nani.