Fa Iliyonikosesha Mke

Kosa ni langu. Anayetaka kunitukana anitukane, lakini hawezi kufikia nilivyojitukana mwenyewe! Jina langu silitaji, maana ukoo ule bado upo Muyama na mimi bado napita njia yao.

Ilikuwa miaka ya sabini, tumeshahamia kijiji cha ujamaa huku Kasulu. Nilikuwa nimempenda Adela, binti wa Muyama, naye amenikubali. Kilichobaki ni kwenda kwao kuposa. Mimi, mpumbavu mkubwa, ndipo nikaingiwa na wazimu wa gitaa!

Aliyenifundisha ni Nestori, mkimbizi kutoka Burundi, fundi cherehani wa sokoni. Gitaa alilichonga mwenyewe, nyuzi zake waya za breki ya baiskeli. Alinionyesha mikao mitatu ya vidole, akiiita do, fa na sol. Ukiishika hiyo mitatu, alisema, nyimbo nyingi za arusi utazipiga.

Do na sol zilikubali. Fa! Fa ilikuwa laana. Kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote, kinazibana, na vingine vinajikunja huko mbele. Nikibana kwa nguvu zote, inatoka kelele ya bati.

Na nilikuwa nimeshawatambia vijana wenzangu kwamba siku ya arusi yangu nitapiga mwenyewe. Nikakazana hadi ngozi ikabanduka na vidole vikavimba.

Nestori akaniona. "Buretse, kijana! Ngoja kwanza. Unakwenda kwa wakwe na mikono hiyo? Pumzisha. Fa haina miguu ya kukukimbia."

"Wewe shona nguo," nikamjibu. Ndiyo, nilimjibu hivyo mtu anayenifundisha bure!

Tukaenda Muyama mimi na baba mdogo, mshenga wangu, tumebeba pombe ya ndizi. Sisi Waha mnatujua, mkubwa hasalimiwi kwa mdomo mtupu. Unainama, unapiga makofi polepole, na habari zinaulizwa mpaka za ng'ombe. Mama yake Adela akatoka na salamu ya asubuhi, "Mwakeye!" Baba mdogo akainama, akapiga makofi. Mimi nikagusanisha viganja mara moja, maumivu yakapanda hadi begani, nikaficha mikono ndani ya koti.

Si ningesema tu kwamba vidole vinauma? Lakini baba yake Adela alikuwa anawaita wapiga gitaa walevi, nikaona haya. Na mzee akiwa anazungumza, mkono wangu humo ndani ya koti ulikuwa unakariri fa! Kichwa gani kile nilikuwa nacho?

Baba mdogo akaninong'oneza kwa ukali, "Piga makofi, wewe! Unatuaibisha!"

Hasira zikanipanda. Nikasema wote wakisikia, "Nimekuja kuposa, sikuja ngomani!"

Mzee akasimama. "Mchukue mtoto wenu," akamwambia baba mdogo, "na pombe yenu msiisahau."

Siku ya gulio nikamvizia Adela, nikamweleza yote na kumwonyesha vidole. Akaviangalia weee.

"Ungesema unaumwa, mama angekukanda kwa maji ya moto yeye mwenyewe," akasema. "Wewe umemtukana mlangoni kwake. Usinifuate tena."

Akaolewa Kibondo. Mimi nikaenda sokoni nikamporomoshea Nestori matusi, eti yeye ndiye aliyeniponza, mzee wa watu aliyenionya! Yeye alichukua gitaa lake akalitundika ukutani, akaendelea kushona.

Vijana mnaojifunza gitaa, jifunzeni. Mkao usioujua leo utaujua mwakani. Lakini ukienda kwa watu na kidonda, sema una kidonda! Usimtukane mama wa mtu kwa sababu unaona haya kusema unaumwa. Hakuna wimbo utakaokurudishia binti yake.