Samli Kwenye Betri

Tangu jua lizame Damari alikuwa amesimama kwenye dirisha la zahanati ya misheni, Madibira, akisikiliza kelele za mbugani. Filimbi. Mbwa. Kisha ukelele wa mtu mzima, ule unaokatika katikati kama umefumbwa na kiganja.

Mchana ule ng'ombe wa Wasukuma walikuwa wameingia kwenye mpunga wa Kasian wakaulaza wote, na walipotoka wakapitia jaruba la Damari mwenyewe. Kasian alipiga yowe, wanaume wakatoka na mapanga. Yotamu, mtoto pekee wa Damari, miaka kumi na tisa, alichukua panga la kuni nyuma ya jiko akatoka nao. Hakuaga. Na mganga wa zahanati, Filemoni, alikuwa Iringa kufuata dawa. Pale alibaki mfagiaji peke yake, na mfagiaji ni yeye.

Alizaliwa milimani juu ya mji wa Mbeya, akasoma mpaka darasa la nne, akaolewa na Jailos, aliyekuwa mtu wa redio ya upepo hapo zahanati. Jailos alimfundisha kuwasha, kungoja taa, kubonya kitufe cha kipaza sauti, kusema, kuachia. Homa ilipomchukua mwaka wa sabini na tatu, misheni haikuleta mtu mwingine. Redio ikabaki kwa Damari pamoja na ufagio, na kwa miaka minne hakuna mgonjwa aliyekosa gari kwa uzembe wake. Aliitunza kama alivyotunza jembe: aliifuta vumbi, aliifunika kwa kitambaa, na mvua zikikaribia alipaka chuma chake mafuta.

Mlango wa nyuma ulipigwa teke. Aliingia Nyamizi, jirani yake wa Kisukuma, amembeba mgongoni mwanawe Ngolo, jitu zima, miguu ikiburuta. Alimtua sakafuni. Bega la Ngolo lilikuwa limepasuliwa mpaka mfupa ukaonekana mweupe, na mkono wa kushoto ulikuwa umebaki na vidole vitatu.

"Funga mlango, Mama Yotamu! Wanakuja kummalizia!"

Damari alisukuma komeo, akachana shuka la kitanda, akalishindilia kwenye bega. Ngolo alipiga kelele, akamng'ata kiganja.

"Nani kamkata?"

Nyamizi alimtazama. "Kamuulize wa kwako."

Damari alizidi kukandamiza shuka. Tangu jioni alikuwa akingoja habari za Yotamu, na habari ndiyo hiyo. Yu hai, na ndiye aliyekata.

"Huyu akifa," Nyamizi alisema, sauti yake kavu, "wako atanyongwa. Kama serikali itawahi. Kaka zake hawatangoja kamba."

Damari alikwenda chumba cha redio, kilichokuwa hatua tatu tu kutoka pale. Akawasha. Taa ndogo nyekundu ikawaka, na sauti ya Juliana, mwenye zamu ya usiku katika hospitali ya Mafinga, ikaja safi akizungumza na kituo kingine. Damari akabonya.

"Mafinga, Mafinga, hapa Madibira. Nina mtu amekatwa mapanga. Leteni gari na polisi. Ova."

Akaachia. Kimya. Kisha: "Kuna mtu anabonya tu, sauti hamna. Nani huyo? Ova."

Alirudia mara tatu, mara ya mwisho kwa kupiga makelele. Juliana hakusikia kitu.

Jailos alikuwa akimwambia: usipige redio, iulize. Damari akashika taa ya chemli akaanza kuuliza. Waya wa antena? Kama ungekatika asingemsikia Juliana vizuri hivi. Kipaza sauti? Alikikung'uta, akakaza skrubu ya waya wake kwa ncha ya kisu. Bado. Maji ya betri? Yalikuwa juu, na betri ilitoka kuchajiwa Jumatatu. Akabonya tena, safari hii akiwa ameikazia macho taa nyekundu. Alipobonya, taa ilififia ikawa kama kaa linalokufa. Alipoachia, ikarudi.

Kwa hiyo nguvu ipo. Haifiki. Kusikia kunahitaji kidogo, kusema kunahitaji nyingi, na mahali fulani njiani kuna kitu kinaiziba.

Jiwe likavunja kioo cha dirisha. Nje kulikuwa na mienge.

"Mama Yotamu!" Ilikuwa sauti ya Kasian. "Tunajua yumo. Tutolee huyo mchunga nzige, ukalale!"

"Huyu ni mgonjwa! Hapa ni zahanati!"

"Zahanati ilikuwa wapi mpunga wangu unaliwa? Na wako je, si umeliwa? Au siku hizi unakula maziwa tu?"

Watu wakacheka. Kisha panga likatua mlangoni, mbao ikalia. Ngolo alianza kutambaa kuelekea chini ya meza, akiacha mchirizi mweusi sakafuni.

"Mama." Hiyo ilikuwa sauti ya Yotamu. "Fungua, mama. Akibaki hai atanitaja."

Damari aliupa mlango mgongo. Alirudi kwenye kitufe akakibonya, akakishikilia kwa nguvu zote, asijue afanye nini kingine.

"Kuna samli inaungua," alisema Nyamizi kutoka sakafuni.

Damari alinusa. Kweli. Aligusa vibano vya betri. Kimoja kilikuwa cha moto, na mafuta yalikuwa yakichuruzika kutoka chini yake. Ilikuwa samli ya Nyamizi mwenyewe, kibuyu alichomletea Damari mwezi uliopita. Damari alikuwa ameipaka kwenye majembe, kwenye bawaba, na kwa mkono uleule akafungua vibano vya betri, akavipaka ndani, akavifunga, apate kuzuia kutu. Samli iliganda na vumbi, ikakaa katikati ya chuma na chuma.

Mlango ulipasuka ubao mmoja. Ncha ya panga ikaingia, ikatoka, ikaingia.

Alivuta vibano kwa meno na kisu. Akavikwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika, akakata kidole, akaendelea. Akasugua vichwa vya betri kwa majivu ya jiko la kuchemshia sindano mpaka madini yake ya risasi yakang'aa. Akafunga. Akabonya. Taa haikufifia.

"Mafinga, Mafinga, hapa Madibira!"

"Nakusikia, Madibira! Mama Damari, una nini? Ova."

Alieleza. Juliana akasema gari linatoka sasa hivi na askari wanne, lakini ni saa tatu au nne za barabara. "Wako mlangoni? Taja majina, niandike. Ova."

Damari alikaza mkono kwenye kitufe. Akapaza sauti hata waliokuwa nje wasikie.

"Andika. Kasian wa Mtoni. Andika." Pumzi ikamwishia, akaivuta tena. "Yotamu wa Jailos. Mwanangu. Ova."

Panga mlangoni likasimama. Mtu alitukana. Kasian alisema kitu kwa sauti ya chini, kisha miguu ikaanza kukimbia, mienge ikatawanyika mpunguni kama imepulizwa. Nyamizi alikuwa amemkumbatia Ngolo, mkono wake umekandamiza shuka. Ngolo alikuwa anapumua.

Muda mrefu ulipita. Kisha, karibu kabisa na ubao uliopasuka:

"Umenitaja, mama."

"Nimekutaja."

"Wameniacha. Ndugu za Ngolo wananitafuta huku mbugani, nawasikia. Nifungulie."

Nyamizi aliinua kichwa. Damari alimtazama. Nyamizi hakusema fungua wala usifungue. Alimwangalia tu, na damu ya mwanawe imemkauka mpaka viwikoni.

"Yu hai?" Yotamu aliuliza.

"Yu hai. Na wewe utakaa humu, mbele yake, mpaka askari waje. Utamshikia maji anywe. Unasikia?"

Yotamu alikuwa analia. "Nasikia."

"Pitisha panga chini."

Mchwa walikuwa wameula mlango ule kwa chini, pakabaki nafasi ya kiganja. Ncha iliingia kwanza, ikifuatiwa na bapa lote lenye damu. Mpini ukakwama kwenye ubao. Damari alilikanyaga bapa kwa mguu mtupu, akainama, akavuta komeo.